Bila kizimba, lakini kwa njia ipi? Ulinganisho kwa kampuni inayobadilisha mayai yake

Yai linalouzwa na ganda lake katika nchi za Umoja wa Ulaya hupigwa muhuri, na tarakimu ya kwanza ya muhuri huo ndiyo inayosema kuku aliishije. 0 ni kilimo hai. 1 ni huria, yaani kuku ana mlango wa kutokea nje. 2 ni banda lisilo na vizimba. 3 ni kizimba. Mnunuzi wa dukani hutupa jicho tu, kazi imekwisha.

Kampuni ya keki, mayonezi au tambi haina bahati hiyo. Mayai yake mengi huingia kiwandani yakiwa yamekwisha kupasuliwa, yakachanganywa, yakapashwa joto la kuua vijidudu na kujazwa kwenye ndoo au tangi. Ganda likitupwa, muhuri nao umekwenda.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Tuhamie mayai ya bila kizimba?", ameuliza maswali matatu kwa mpigo: banda la aina gani, yai la umbo gani, na ushahidi wa namna gani. Nimenunua mayai kwa ajili ya kiwanda cha keki kwa miaka kadhaa. Kosa nililoliona likirudiwa, na mimi mwenyewe nimelifanya, ni kumalizia nguvu zote kwenye swali la kwanza na kulifikia la tatu tukiwa tumechoka.

Kizimba kilichoboreshwa dhidi ya banda lisilo na vizimba

Naanza na kizimba kilichoboreshwa kwa sababu ndicho msambazaji atakachokutajia kwanza. Atakwambia ni hatua ya katikati: bei haipandi sana, na kuku wana nafuu.

Nafuu ipo. Kizimba cha zamani barani Ulaya kilimpa kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi ya A4 ambayo ina kama 624. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 ilikipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2012, na kilichoruhusiwa kubaki ni hiki kilichoboreshwa: sentimita za mraba 750 kwa kuku, kiota, kichanja cha kutulia chenye sentimita 15 kwa kila mmoja, na mahali pa kuchakura. Sasa linganisha na mwili wa kuku mwenyewe. Akitaka kupiga mabawa yote mawili kama afanyavyo kuku yeyote akiamka, huhitaji takriban sentimita za mraba 1,900. Kilichoongezeka ni ukubwa wa chumba cha mfungwa. Kiswahili kimemweka kuku na mshtakiwa mahali pamoja, wote wawili wako kizimbani, tofauti ni kwamba kesi ya kuku haina tarehe ya hukumu.

Tusimwonee anayekitetea, maana ana hoja. Mayai hutoka safi kwa sababu yanabingirika yenyewe kwenye mkanda. Vumbi ni dogo, wafanyakazi wachache wanatosha, na vifo huwa vichache. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yaliyotolewa mwaka 2015, uliolinganisha kizimba cha kawaida, kizimba kilichoboreshwa na banda la ghorofa (lisilo na vizimba, lenye ngazi ambazo kuku hupanda na kushuka) ndani ya shamba moja, yalionyesha banda la ghorofa likiwa na vumbi zaidi na vifo zaidi. Wauzaji wa vizimba wameutumia utafiti huo kwa miaka mingi.

Wasichokuongezea ni kilichofuata. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya takwimu za makundi 6,040 ya kuku wa biashara, jumla ya kuku milioni 176, kutoka nchi 16. Ulionyesha kwamba vifo katika mabanda yasiyo na vizimba vilipungua kadiri wafugaji walivyozidi kupata uzoefu, na kwamba kwa takwimu za miaka ya karibuni pengo kati ya mabanda hayo na vizimba lilikuwa limetoweka. Vifo vya miaka ya mwanzo vilikuwa karo ya wafugaji waliokuwa bado wanajifunza.

Kwangu uamuzi hapa si mgumu. Usinunue hatua ya katikati. Mfugaji atakayejenga vizimba vilivyoboreshwa kwa ajili yako atachukua mkopo na kutaka kuvitumia miaka mingi, na wewe utakuwa umefungwa naye kwenye mfumo ambao sheria zinaukimbia. Uswisi imeacha vizimba tangu mwaka 1992. Austria ilifunga hata vile vilivyoboreshwa mwaka 2020. Jimbo la California, Marekani, kwa sheria iliyopigiwa kura na wananchi mwaka 2018, inataka mayai yanayouzwa huko tangu mwanzo wa 2022 yatoke kwa kuku wasiofungiwa vizimbani, na kizimba kilichoboreshwa hakihesabiki. Utahama mara mbili na kulipa mara mbili.

Sakafu moja dhidi ya ghorofa

Ndani ya tarakimu 2 kuna mabanda mawili yasiyofanana kabisa, na watu wa ofisini huyachanganya.

La kwanza ni banda la sakafu: matandazo chini, viota pembeni, vyombo vya chakula na maji vikipita katikati. La pili ni la ghorofa, ambamo fremu za chuma zenye ngazi mbili hadi nne zimesimama kwa safu, na kuku hupanda na kushuka wapendavyo. Kwa kanuni za Ulaya yote mawili hayaruhusiwi kuzidi kuku 9 kwa mita ya mraba ya eneo linalotumika, theluthi ya sakafu lazima iwe na matandazo, na kila kiota kihudumie kuku wasiozidi 7. Siri iko kwenye maneno "eneo linalotumika". Banda la ghorofa huhesabu kila ngazi, kwa hiyo jengo lile lile hubeba kuku wengi zaidi. Ndiyo maana mayai yake ni rahisi kuliko ya banda la sakafu, na ndiyo maana kampuni kubwa huishia hapo.

Ukiingia banda la ghorofa linaloendeshwa vizuri, kinachokupokea ni sauti, mvumo mmoja mpana usiokatika, halafu kuku wanakujia miguuni na kudonoa kamba za viatu. Ukiingia linaloendeshwa vibaya, macho yanatangulia kukwambia kwa kuwasha, maana amonia ya kinyesi kilichorowa haifichiki. Nililoingia mimi mara ya kwanza lilikuwa na kona moja ambayo kuku walikuwa wamerundikana usiku kwa kushtuka, mmoja juu ya mwingine, na waliokuwa chini hawakuamka. Kizimbani jambo hilo haliwezekani. Uhuru una gharama zake, na mfugaji anayekwambia hana hata moja hajakaa bandani.

Gharama nyingine ni mifupa. Mfupa wa kidari wa kuku wa mayai huvunjika katika mifumo yote, kwa sababu ndege huyu ametengenezwa kutaga mayai 300 na zaidi kwa mwaka na kalsiamu hutoka mwilini mwake. Lakini kwenye ghorofa kuna pia kuanguka na kugonga vyuma. Njia ndogo za mteremko kati ya ngazi hupunguza madhara hayo, na ni kitu cha bei nafuu. Kama hazipo, uliza kwa nini.

Jambo ambalo karibu kila mkataba husahau ni malezi. Kuku huanza kutaga akiwa na wiki kama 18. Ikiwa wiki hizo zote alilelewa mahali tambarare au kizimbani, kisha ukamleta kwenye banda la ghorofa nne, hajui kupanda. Atakaa chini, atakosa maji yaliyo juu, na atataga kwenye matandazo badala ya kiotani. Mayai ya sakafuni ni machafu, huokotwa kwa mkono, na mengi hayafai kuuzwa na ganda. Mfugaji akiyapata mengi anapata hasara, na hasara hiyo hugeuka bei yako ya mwaka ujao. Kwa hiyo mkataba useme kuku walelewe wapi, si wanatagia wapi tu.

Halafu kuna milango. Wapo watengenezaji wanaouza mifumo ya ghorofa yenye milango inayoweza kufungwa kila ngazi. Mauzo yake husifiwa kwa neno "unyumbufu": soko likitaka mayai ya bila kizimba, fungua, bei ikianguka, funga. Milango ikifungwa umerudi kizimbani, tena kwa muhuri wa uongo. Ukikagua, angalia bawaba. Milango ikiwepo, itolewe kabisa, au utafute shamba jingine. Hapa sioni nafasi ya maelewano.

Banda dhidi ya huria

Huria inavutia mno kwenye kifungashio: majani mabichi, anga, kuku mwekundu. Kanuni za Ulaya zinataka mita 4 za mraba za nje kwa kila kuku juu ya masharti yote ya bandani. Kuku anayetoka huchakura udongo na kuoga vumbi kwenye jua, na kwa maisha yake hakuna mfumo wa biashara unaompa zaidi ya huo na ule wa kilimo hai.

Ila kufunguliwa mlango si kutoka. Katika makundi makubwa kuku wengi hukaa ndani siku nyingi, hasa uwanja ukiwa mtupu bila miti wala kivuli, maana kuku ni ndege wa vichakani na anaogopa mwewe. Uwanja uliopandwa miti hujaa kuku, ule wa nyasi tupu huwaona wachache tu karibu na ukuta.

Tatizo kubwa zaidi kwa kampuni ni mafua ya ndege. Mamlaka zikitoa amri ya kuwafungia ndani, huria husimama. Mnamo Machi 2022 nchini Uingereza kuku walikuwa wamekaa ndani kupita wiki 16 zilizoruhusiwa na kanuni za wakati huo, na mayai yaliyokuwa yakiuzwa kama ya huria ikabidi yaandikwe kuwa ya banda. Duka linabandika karatasi rafuni likaendelea. Kampuni iliyokuwa imechapisha "mayai ya huria" kwenye mamilioni ya pakiti za biskuti ingefanyaje?

Kwa hiyo huria ni ya anayeuza yai lenyewe likionekana: hoteli inayopika mayai mbele ya mgeni, mwenye chapa anayetoza bei ya juu na kueleza kwa nini. Kwa yai linalozama ndani ya unga, banda lisilo na vizimba, milango wala udanganyifu linatosha, na pesa iliyobaki iwekwe kwenye ukaguzi.

Yai la ganda, la maji, la unga

Hapa nitapita haraka. Yai la ganda lina muhuri au angalau trei yenye jina la shamba. Kufuatilia ni rahisi, kulipasua jikoni ni kazi. Yai la maji, yaani lile lililopasuliwa na kujazwa kwenye ndoo au tangi, lina wauzaji wachache na mikataba mikubwa, hivyo sahihi moja inaweza kuhamisha sehemu kubwa ya matumizi yako. Yai la unga, yaani lililokaushwa, husafiri mbali, hukaa muda mrefu, na ndilo gumu kuliko yote kulijua lilikotoka, kwa sababu hununuliwa na kuuzwa na madalali kabla ya kukufikia.

Hesabu ya bei nayo hutofautiana kwa umbo la bidhaa, si la yai tu. Chukulia mayai ni asilimia 5 ya gharama ya kutengeneza biskuti, na yale ya bila kizimba ni ghali kwa asilimia 30. Gharama ya biskuti inapanda kwa asilimia 1.5. Kwenye mayonezi au kimanda uzito huo ni mwingine kabisa. Fanya hesabu hiyo kwa kila bidhaa kabla ya kwenda kwa wakurugenzi, la sivyo mtu wa fedha atazidisha asilimia 30 kwa kila kitu na kikao kitaishia hapo.

Ushahidi wa namna gani

Nilisema hili ndilo swali linalosahaulika, nami nina sababu. Mwaka mmoja tulikuwa na msambazaji wa mayai ya maji, mtu mwungwana, nyaraka zake zimenyooka. Kila ndoo ilikuwa na kibandiko cha bila kizimba. Siku moja nikaketi na hati za mzigo za mwezi na cheti cha shamba lake, ambacho kilitaja kuku 20,000. Kundi zuri likiwa kileleni hutaga kama asilimia 90 kwa siku, yaani mayai 18,000. Yai la gramu 60 likitolewa ganda hubaki na kama gramu 50 za kutumia. Zidisha: kilo 900 kwa siku, 6,300 kwa wiki, hapo bila kutoa yaliyovunjika wala yaliyouzwa kwa wengine. Sisi tulikuwa tunapokea zaidi ya kilo 8,000 kwa wiki.

Nilimpigia. Kimya kidogo, kisha: "Ndugu yangu, wiki zile kuku walikuwa wanabadilishwa, nisingeweza kukuacha bila mzigo." Alikuwa akijazia kwa mayai ya vizimba, na kwa akili yake alikuwa akitusaidia.

Tangu hapo nazilinganisha njia tatu za ushahidi namna hii. Ya kwanza ni kutenganisha: mayai ya bila kizimba yana mstari wake, tangi lake na siku yake kiwandani, na yai lililo kwenye bidhaa yako ndilo lililotoka shambani humo. Ni ghali, ila ndiyo pekee inayokuruhusu kuandika maneno hayo kwenye pakiti bila wasiwasi. Ya pili ni mizania: mpasuaji, yaani mwenye kiwanda cha kupasua mayai, huchanganya yote, lakini hawezi kuuza kilo nyingi za bila kizimba kuliko alizonunua. Kuku waliotoka vizimbani ni kweli wapo, yai lako tu ndilo halijulikani. Ya tatu ni hati za mikopo ya mayai: unamlipa mfugaji aliyeacha vizimba, mayai yake yanauzwa popote, nawe unahesabu idadi hiyo kwenye lengo lako huku ukiendelea kutumia mayai yanayopatikana.

Wapo wanaoiita njia ya tatu ujanja. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mahali ambapo hakuna mpasuaji hata mmoja wa mayai ya bila kizimba, hati hizo humwezesha mfugaji kuanza kabla mnyororo mzima haujawa tayari. Ninachokataa ni hati zisizo na tarehe ya mwisho. Na pakiti isiguse maneno "bila kizimba" kama ulichonunua ni hati.

Njia yoyote utakayochagua, dai vitu viwili: idadi ya kuku kwa kila shamba kila mwezi, na mpango wa mayai ya akiba kwa kipindi ambacho kundi la zamani limeondolewa na jipya halijaanza kutaga. Hapo ndipo ndoo za msambazaji wangu zilipoharibika.

Ahadi mbili, matokeo mawili

McDonald's, kampuni ya migahawa, ilitangaza Septemba 2015 kwamba itahamia mayai ya bila kizimba Marekani na Kanada ndani ya miaka 10. Wakati huo tawi la Marekani pekee lilikuwa linanunua kama mayai bilioni 2 kwa mwaka. Kwa Marekani ilimaliza mwishoni mwa 2023, kabla ya muda. Walmart, kampuni ya maduka makubwa, iliahidi mwaka 2016 kuuza mayai hayo pekee ifikapo 2025, na tamko lake liliweka masharti ya upatikanaji, bei na mahitaji ya wateja. Mwaka 2025 ulifika lengo likiwa mbali.

Ni rahisi kusema mmoja ana nia na mwingine hana. Mimi naona tofauti ya biashara. Mpishi anaamua yai moja kwa niaba ya mlaji, na mlaji hapewi chaguo la kizimba. Muuza duka anaweka aina mbili rafuni kisha anangoja mteja achague ya ghali, halafu anasema mteja hakuchagua. Kampuni inayotengeneza chakula iko upande wa mpishi, na haina kisingizio cha rafu. Jilinganishe na huyo.

Na sheria usizitegemee zikubebe. Jimbo la Nevada, Marekani, lilikuwa na sheria yake ya mayai ya bila kizimba, na mwanzoni mwa 2025, bei zilipopanda kwa mafua ya ndege, likaisimamisha kwa siku 120. Mfugaji aliyejenga banda kwa kuitegemea sheria peke yake alibaki akiangalia. Mwenye mkataba wa miaka mitano na mnunuzi, wenye bei inayopanda na kushuka pamoja na chakula cha kuku, ambacho ndicho gharama yake kubwa kuliko zote, aliendelea kupeleka mzigo.

Kama kampuni yako inatumia mayai ya aina zote tatu, ningeanza na ya maji, kwa njia ya mizania, kutoka banda la ghorofa lisilo na milango, kisha, mkataba unapohuishwa, nihamie njia ya kutenganisha. Ya unga ningeyaacha mwisho na kutafuta kama yanaweza kubadilishwa na ya maji. Kabla ya kusaini, nenda shambani. Usitembelee mashamba mawili siku moja, maana hakuna mfugaji makini atakayekuruhusu kuingia na viatu vilivyotoka kwa mwenzake. Na uende asubuhi na mapema, kabla mayai ya sakafuni hayajaokotwa.